Radhi Iliyokwama Grosari

Maalim Luqmani alikuwa mtu wa kufanya mambo kwa ukamilifu, na ukamilifu wake ndio uliokuwa ukiwachosha watu wa mtaa wa Nguvumali. Akitawadha, pipa zima linakwisha. Akisomesha madrasa, herufi moja ya kooni inakula asubuhi nzima na watoto wanatoka wamekauka makoo. Basi alipopata safari ya hija, safari aliyoililia tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, hakuna aliyeshangaa kuona kwamba hata kutaka radhi anakufanya kama kazi ya kuajiriwa.

Desturi yenyewe kila mtu wa pwani anaijua. Anayekwenda Makka hasafiri na haki za watu mgongoni. Huzunguka kwa ndugu, kwa majirani, hata kwa aliowahi kugombana nao, akasema: nilichokula chako, nilichokusema nyuma yako, nihalalishie. Nao humjibu: nimekuhalalishia duniani na akhera. Kwa wengi ni maneno ya mlangoni, yanakwisha chai haijapoa. Maalim yeye alifunga safari hadi Muheza kumtafuta fundi cherehani mmoja, amwombe radhi kwa kanzu aliyoikataa miaka ishirini nyuma. Fundi hakuikumbuka kanzu wala mwenye kanzu, lakini alihalalisha, maana alikuwa na wateja na alitaka mzee huyu aondoke.

Akapita kote. Akambakisha Bertha.

Bertha alikuwa na grosari ukuta kwa ukuta na nyumba ya Maalim. Wazazi wake walishuka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini, na mwisho wa yote akaja mjini kuuza bia. Miaka yote hiyo Maalim hakumpa nafasi ya kupumua. Alimsema kwenye mawaidha, alimshitaki serikali ya mtaa, aliwafundisha wanafunzi wake wazibe pua wakipita pale. Lakini lililomkaa Bertha moyoni ni lile la mchele. Najat, binti wa pekee wa Maalim, alipochaguliwa kusomea udaktari katika chuo cha serikali, baba yake alisomesha maulidi ya shukrani. Bertha, kwa ujirani, akatuma gunia la mchele. Maalim alilirudisha mwenyewe, mchana kweupe, akalitua mbele ya wanywaji na kutangaza kwa sauti ileile anayoadhinia kwamba fedha ya pombe haitaingia nyumbani kwake hata punje moja.

Sasa Najat alikuwa daktari katika hospitali ya watu binafsi kule Dar es Salaam, na ndiye aliyemlipia baba yake hija. Kesho angekuja na gari lake kumchukua, na kesho kutwa ndege inaruka.

Kwa hiyo asubuhi ile Maalim alivaa kanzu safi, akasoma ayatul kursiyu kama mtu anayekwenda kuingia pango la chui, akazunguka ukuta na kubisha hodi.

"Karibu," Bertha akajibu akiwa ameinama anaosha glasi. Halafu akainua uso, na glasi ikamponyoka ikaanguka kwenye beseni. "Yesu na Maria! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, Mama Asheri. Nimekuja kutaka radhi. Kesho naondoka, na Mungu akipenda nitasimama Arafa. Nimekusema sana. Na mchele wako niliurudisha kwa maneno mabaya. Nihalalishie."

Bertha akajifuta mikono kwenye kanga. Si mwanamke wa kinyongo, na kusema kweli machozi yalimlengalenga.

"Maneno nimekusamehe, Maalim. Mchele nao nimesamehe, tuliupika wenyewe ukaliwa. Ila naona lile kubwa umelisahau."

"Lipi hilo?"

"Najat. Kasoma kwa pesa yangu, na sijasikia ukilitaja."

Maalim akacheka. Alidhani mama wa watu ameanza kunywa bidhaa zake mwenyewe.

"Najat kasomeshwa na serikali."

"Na serikali inalima wapi?"

Katika umri wake wote Maalim hajawahi kuulizwa serikali inalima wapi.

Bertha akapiga kofi kreti lililokuwa karibu naye. "Kila kreti linaloshushwa hapa, kodi imo ndani kabla sijafungua kifuniko. Wanywaji wangu wanalipa, mimi nalipa. Asheri wangu alikosa nafasi ya chuo, anaendesha bodaboda Muheza, na mafuta anayotia yana kodi vilevile. Na huko zinakokwenda hakuna chungu cha pesa za wacha Mungu na chungu cha pesa za walevi. Chungu ni kimoja. Mchele wangu uliurudisha, lakini bia yangu mmeila miaka yote mtoto alipokuwa chuo."

"Ule ni mkopo!" Maalim akasema. "Anaulipa kila mwezi."

"Analipa ada na posho yake, na Mungu ambariki. Yale majengo je? Wale maprofesa? Zile maiti walizokuwa wakipasua wajifunze, alikopeshwa nazo?" Kisha Bertha akaona uso wa jirani yake umebadilika rangi, akapunguza sauti. "Sisemi kwa ubaya, Maalim. Mimi nafurahi tumepata daktari. Sehemu yangu nimekuhalalishia. Lakini mimi ni mmoja tu."

Maalim alirudi nyumbani hajui miguu imempitisha wapi. Mkewe, Sabiha, alikuwa anakunja zile shuka nyeupe za ihramu. Alipomwona alivyoishika nguzo ya baraza, akaziacha.

"Mume wangu, una nini?"

"Sabiha, tumekula pombe."

"Astaghfirullah! Umekula nini?"

Akamweleza. Sabiha akasikiliza, akaketi, kisha akasema kwamba kama ni hivyo basi na barabara ya mbele ya nyumba ni ya pombe, na taa za barabarani ni za pombe, na yeye hana mpango wa kutembea hewani. Maneno hayo yalikuwa ya busara na hayakumsaidia Maalim hata kidogo. Hija inataka mali safi, ndivyo alivyowafundisha watu maisha yake yote. Mshahara wa Najat ndio uliolipia hija. Udaktari ndio uliozaa mshahara. Na udaktari, ukiufuata nyuma hadi chanzo chake, unakukuta umesimama mbele ya Bertha na makreti yake. Saa chache tu zilizopita alikuwa mtu msafi kuliko wote mtaani.

Akaenda kwa Shekhe Idarusi, imamu wa msikiti wao, kijana aliyesoma Madina na anayeuza vifaa vya umeme karibu na soko. Alimkuta anabishana na mteja juu ya swichi. Maalim hakungoja mteja aondoke.

Shekhe Idarusi alimsikiliza huku anafunga swichi kwenye gazeti. "Maalim, hilo lisikuumize. Mali ya serikali ni mchanganyiko, ya halali ndiyo nyingi. Nenda kahiji."

Maalim akahisi mzigo umemshuka. Alikwisha geuka kuondoka, ndipo Shekhe Idarusi akaongeza, kwa nia njema kabisa, kama watu wengi wanaoharibu mambo:

"Pombe si kitu. La kuogopa ni haki ya mja. Mungu husamehe haki yake mwenyewe. Haki ya mtu haisamehewi mpaka mtu mwenyewe asamehe. Na mali ya umma, wenyewe ni wengi, wallahi hata kuwajua huwezi."

Maalim akasimama palepale katikati ya nyaya na balbu. Tangu asubuhi alikuwa akiuliza kama pesa ya Bertha ni chafu. Hakuwa amejiuliza hata mara moja kama ilikuwa haki yake kuila.

Nchi nzima hawezi kuizungukia, hilo alilijua. Lakini wapo ambao aliweza kuwafikia, na hao ndio aliokuwa akiwatukana kila Ijumaa, akiwaita watu wasio na faida duniani wala akhera. Basi baada ya swala ya alasiri, msikiti mzima ukimwangalia, Maalim Luqmani alitoka na kanzu yake na kofia yake ya viua, akavuka barabara, akaingia grosari.

Kinyozi wa jirani aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa. Wanawake waliokuwa wanauza vitumbua wakasimama. Mmoja akasema amekwisha rogwa, mwingine akasema ni furaha ya hija imempanda kichwani. Ndani muziki ulizimwa haraka mno, kana kwamba polisi wamefika, na bwana mmoja akaificha chupa yake chini ya kiti, sijui amfiche nani.

"Jamani," Maalim akasema. "Msinyanyuke. Nimekuja kwenu. Mtoto wangu kasomeshwa kwa kodi, na kodi hiyo mmeitoa na nyinyi. Nimeila haki yenu na juu yake nikawatukana. Kesho nasafiri. Nawaomba mnihalalishie."

Watu waliopigwa na butwaa nimewaona wengi, lakini butwaa la walevi ni kitu kingine: waliangaliana kuhakikisha kwamba wote wamesikia, si mmoja peke yake. Kisha bwana wa ile chupa akaanza kulia. Akasema amehalalisha, duniani na akhera, na kama Maalim anataka hata ya mwakani amehalalisha. Wengine wakafuata, huyu anamshika mkono, yule anaomba aombewe kwenye Al-Kaaba mke wake arudi. Bertha alisimama nyuma ya kaunta amejishika mdomo.

Pembeni kabisa, karibu na mlango wa uani, alikuwa ameketi Mzee Lucas. Huyu aliukata mkonge wa mashamba ya Muheza mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato, akazika mke, akazika na mashamba yenyewe, na sasa Bertha alimpa chumba cha uani bila kodi. Mbele yake palikuwa na soda.

Maalim alisita. Hakuwahi kumwamkia mtu yeyote wa mle ndani. Lakini yule alikuwa mkubwa wake kwa umri, na safari ni safari.

"Shikamoo, Mzee Lucas."

"Marahaba."

"Na wewe nihalalishie."

"Mimi sihalalishi," Mzee Lucas akasema.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotisha. Wenzake wakamzomea: mzee, acha hizo, mtu anakwenda kwa Mungu! Yeye akatikisa kichwa.

"Nimekatwa mshahara tangu kijana. Nimenunua sukari, chumvi, sigara, mafuta ya taa, na bia, na kila kimoja kilikuwa na cha serikali ndani. Mtoto wangu hakufika darasa la saba. Sikulalamika. Nilisema, wasome hata wa wenzangu, wakirudi watatufaa. Sikulipa nipate shukrani, Maalim. Nililipa nipate daktari. Kwenye zahanati yetu hayupo, yupo muuguzi mmoja anahangaika na foleni. Huyo wetu yuko wapi?"

"Yuko Dar es Salaam. Kesho anakuja."

"Basi niletee daktari wangu nimwone. Nikishamwona tutazungumza."

Maalim alielewa kwamba mzee anataka kuombwa radhi na mlaji mwenyewe, yaani Najat. Akaona ni haki. Usiku ule usingizi haukumkaribia.

Asubuhi nyumba ilijaa. Udi ulifukizwa, matari yalipigwa, watu wa kumsindikiza hujaji walimwagika mpaka barabarani. Najat alifika na gari lake jeupe, amechoka kwa safari, akambusu mama yake na kuulizia begi. Baba yake akamvuta pembeni.

"Kabla hatujaondoka, kuna mtu lazima umwombe radhi."

Alipomweleza, Najat alimtazama kana kwamba ametukanwa hadharani. "Baba, hayo ni mambo gani? Mkopo nalipa. Na kodi inayokatwa kwenye mshahara wangu kwa mwezi, wote hawa wakiichanga hawaifikii. Sidaiwi na mtu! Hospitali za serikali niliomba kazi nikangoja mwaka mzima, nafasi hazikutoka. Nifanye nini, nikae nyumbani na cheti?"

Nalo ni kweli. "Mwanangu," Maalim akasema, "siwezi kupanda ndege na mtu kakataa. Mwambie maneno mawili tu."

Kwa ajili ya baba yake akaenda. Bertha aliwapitisha uani na kuwafungulia chumba. Mzee Lucas alikuwa amekaa kitandani, shuka imefunika miguu.

"Shikamoo, mzee," Najat akasema kwa haraka ya mtu mwenye ndege. "Mimi ndiye Najat. Naomba unihalalishie."

"Marahaba, daktari." Mzee Lucas akatabasamu, na tabasamu lile Maalim hakulitegemea, maana lilikuwa la mtu aliyesubiri mgeni muda mrefu. Halafu akaivuta shuka. Mguu wa kulia ulikuwa umezungushiwa kipande cha kanga. Akaanza kuifungua taratibu.

Harufu ikajaa chumba. Bertha akatoka nje mbio. Maalim alijifunika pua kwa kilemba, na alipoona vile vidole vimekuwa vyeusi, akashika ukuta.

Najat alikuwa amekwisha piga magoti sakafuni. Hakuwa tena na haraka. Akamshika mzee kisigino, akabonyeza hapa na pale.

"Unasikia nikigusa?"

"Sisikii."

"Una kisukari?"

"Niliambiwa zamani."

"Kidonda kilianza lini?"

"Mfungo wenu ulipokuwa unaanza. Jiwe dogo tu kwenye kiatu."

Najat akainuka. Maalim alimjua binti yake, na hakuwahi kumwona na uso kama ule. "Mzee, huu mguu lazima ukatwe leo. Tukichelewa unakufa." Kisha akasema tena, si kwa mzee bali kwa kujisemea, "Haukuwa mguu wa kukatwa huu! Angeuona daktari yeyote mapema, ukasafishwa, ukapata dawa, asingepoteza hata kidole. Hata wakati wa Idi bado ungeponyeka. Kwa nini hukumwona mtu?"

"Idi nilikuja kwenu," Mzee Lucas akasema.

"Kwetu wapi?"

"Hapo. Nilisikia daktari wetu kaja kula Idi na wazazi wake. Nikajikokota na fimbo, nikabisha hodi. Nikaambiwa nirudi nilikotoka, nisiwaharibie watu sikukuu, nanuka pombe." Hakumtazama Maalim. Alikuwa anamweleza daktari wake, kama mgonjwa yeyote anavyoeleza. "Siku ile nilikuwa sijanywa. Tangu kidonda kianze sijanywa. Harufu ilikuwa ni hii."

Maalim Luqmani alikumbuka. Alikumbuka mlango, na mtu aliyeegemea fimbo, na mkono wake mwenyewe ukizuia. Alikumbuka Najat akiuliza kutoka ndani, huku sahani zinagongana, nani huyo baba, na yeye akijibu: hakuna mtu, mlevi tu. Katika wiki zote za kutaka radhi, alipokwenda hadi Muheza kwa ajili ya kanzu, tukio lile halikumpitia akilini hata kwa bahati mbaya.

Najat aligeuka polepole. "Baba?"

Maalim alikubali kwa kichwa. Najat akaweka mkono kifuani, akamtazama baba yake kwa muda kama anayemtazama mtu asiyemjua. Kisha akaita nje, "Nataka wanaume wawili! Na gari lisogezwe mlangoni!"

Matari yalikatika. Watu waliokuja kumsindikiza hujaji waliona begi lake linashushwa, wakaona mkata mkonge anabebwa, na mmoja wa wabebaji ni Maalim mwenyewe, kanzu yake nyeupe imeguswa na ile kanga. Walimlaza kiti cha nyuma. Maalim akainama dirishani.

"Mzee Lucas..."

Mzee Lucas alikuwa amefumba macho. "Sio sasa, Maalim. Naumwa."

Gari likaondoka kuelekea hospitali, Najat akipiga honi ili wapishwe. Bertha aliingia nao mbele. Watu walibaki barabarani, hawajui warudi kwao au wangoje, na Sabiha akalia bila kuelewa analilia nini. Shekhe Idarusi akasogea, akasema kwa upole kwamba muda bado upo, wanaweza kukodi gari jingine, ndege ataiwahi.

"Ataiwahi nani?" Maalim akauliza. "Mimi sijaruhusiwa."